Majibu ya damu ya Barafu

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba chai yangu ya leo imepoa bila kunywewa.

Sababu ni Barafu, mbwa wangu wa kuvuta sleji, kile kigari cha kuteleza juu ya theluji. Theluji ya Birmingham mnaijua, haitoshi hata kufunika nyasi, kwa hiyo huvuta mkokoteni wa magurudumu.

Alipimwa damu kabla ya msimu wa mbio. Leo majibu yameingia kwenye simu: homoni ya tezi ya shingoni iko chini, na alama nyekundu juu yake.

Mimi, bingwa wa kujisomea mtandaoni, nikajua moyo wake unazimika. Na juzi nilimkimbiza asubuhi nzima!

Binti yangu akauliza kwa Kiingereza chake kama Barafu anakufa.



Nikampigia daktari wa mifugo.

“Anakula?”

“Hadi soksi zangu.”

“Anavuta?”

“Jana kanitupa matopeni.”

“Ngoja niyafungue majibu.” Jamani, mnaijua “ngoja” ya daktari? Msiombe.

“Umesoma viwango vya mbwa wa sebuleni. Mbwa wa sleji akiwa mazoezini, homoni hiyo huwa chini kwa kawaida.”