Mwalimu wa Ludara na Laini ya Kongo

Weka simu yako mezani kwanza, wewe unayenisikiliza, nikueleze jambo ambalo hata mimi nililielewa polepole.

Ninafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu, hapa Arua. Rafu zetu si nyingi. Utajiri wetu uko mtandaoni: makala za utafiti ambazo wachapishaji wamekifungulia chuo chetu. Mwenye nywila anazisoma popote alipo nchini. Ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia wanafunzi.

Jioni moja akanipigia mwalimu wa shule ya msingi huko Ludara, upande wa Koboko, anayesomea shahada wakati wa likizo. Alikuwa akitafiti jinsi watoto wanavyojifunza kusoma kwa lugha ya nyumbani. Asubuhi yake angemweleza msimamizi, kwa simu, tafiti zilizomtangulia. Akishindwa, kazi yake ingesimama mpaka likizo nyingine.

"Mama maktaba, chuo imenifukuza."

"Nani amesema?"

"Hii simu! Naweka nywila, inaandika siko na ruhusa."

Nyuma yake mumewe alicheka. "Si nilikuambia? Wameona mvi yako."

"Nyamaza, wewe. Kula muhogo yako."

Nilitazama kwenye kompyuta. Jina lake lilikuwepo, salama. Akajaribu tena, akakataliwa tena. Ndipo nikafikiria mahali alipo. Kutoka Ludara, Kongo si mbali.

"Mwalimu, simu yako iko na laini ngapi?"

"Mbili. Ya hapa, na ya Kongo ya kuongea na dada yangu."

"Na data inatoka kwa laini gani?"

"Ya Kongo. Hapa nyumbani ndiyo iko na nguvu."

Nikamweleza taratibu: mlango huu tumefunguliwa sisi wa nchi hii. Wewe umekaa Ludara, lakini simu yako inabisha hodi kutoka Kongo, na mlinzi hakujui.

"Kumbe mimi niko hapa, simu iko safari!"

"Na haina pasipoti," mumewe akadakia.

Akabadilisha laini. Mtandao wa hapa haukufika jikoni, basi akatoka, akazunguka nyumba mpaka akaupata nyuma ya ghala. Nikamsikia akisoma kichwa cha makala ya kwanza kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyowasomea watoto darasani. Mumewe alikuwa amemfuata. Safari hii hakutania. Aliuliza tu, "Hiyo inasema nini?"

Asubuhi msimamizi alimruhusu aendelee. Siku hizi walimu wa Koboko wakikwama mlangoni hawanipigii mimi, wanampigia yeye. Sijawahi kujivunia simu yoyote kama ninavyojivunia hizo zisizonifikia.

Haya, chukua simu yako. Fungua mipangilio, tafuta panapochaguliwa laini ya data, weka ya hapa nchini, kisha ingia maktaba upya.