Nilinunua trekta ndogo na mama mkwe ambaye siruhusiwi kumpa mkono

Wakuu, mko poa? Leo nimefunga duka mapema, mvua inapiga mabati hapa Kitale, na nimeona niwape hii stori kabla shemeji zangu hawajaileta humu kwa maneno yao.

Ni kweli tupu. Mke wangu ameisoma yote na amekubali, isipokuwa sehemu moja ambapo anasema nimemwonea. Hiyo sehemu sijabadilisha kitu.

Kwanza mnijue. Wazazi wangu walitoka Central wakahamia Trans-Nzoia kitambo, mimi nimezaliwa na kukulia hapa hapa. Nina kaduka ka hardware na shamba la mahindi nje kidogo ya mji. Nimeoa Mbukusu wa Kabuchai, anaitwa Nasimiyu.

Wale mmeoa upande ule mshaanza kucheka.

Kwa wasiojua: kwa kina Nasimiyu, mwanamume na mama wa mke wake ni heshima tupu. Hampeani mkono. Hamkai meza moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwa majani mpaka mwingine apite.

Inabaki hivyo hadi mkwe atoe zawadi ya kufungua salamu, na kwa ukoo wao hiyo zawadi huwa ni blanketi nzito. Mimi nilikuwa nimeahirisha blanketi tangu harusi. Si uchoyo, jamani. Niliona ni raha kuwa na mama mkwe asiyeweza kukugombeza. Mama yangu mimi anamgombeza Nasimiyu kila wiki kwa simu, na hajawahi kukosa sababu.

Turudi kwa trekta.

Mama mkwe ni mjane. Ana shamba zuri, upande mmoja miwa, upande mwingine mahindi. Kilichomsumbua ni trekta za kukodi. Msimu uliopita aliweka booking mapema, akaambiwa kesho, kesho, mpaka mvua ikashika. Sehemu kubwa ya shamba ikabaki majani.

Hapo mdogo wa marehemu mumewe, Mzee Wekesa, akapata la kusema. Alisimama kwa kikao cha familia akatangaza kwamba shamba likilala tena msimu huu, yeye atamkodishia mtu wa miwa lote.

Na mnajua miwa ikishaingia kwa shamba haitoki mwaka mmoja. Mama angebaki na boma na kuku wake, akiangalia miwa ya mtu mwingine kutoka mlangoni.

Ndipo akatuma neno: tununue trekta ndogo mimi na yeye, tupokezane Kabuchai na Kitale. Nilikubali hata kabla Nasimiyu hajamaliza sentensi.

Sasa fikiria. Unanunua trekta na partner ambaye huwezi kuongea naye. Kila neno lazima lipite kwa Nasimiyu, na Nasimiyu ni mtu wa amani. Neno likiingia kwake na miiba, linatoka limenyolewa.

Nikamwambia, "Hebu muulize mama anataka trekta ya aina gani."

Akaingia jikoni na simu. Wakaongea Kibukusu muda mrefu sana, nikasikia mama akipandisha sauti huko upande wa pili. Nasimiyu akatoka anatabasamu.

"Amesema chochote utakachochagua ni sawa."

(Hii ndiyo sehemu anayosema nimemwonea.)

Mtu mwenye akili angejiuliza mbona maneno yote yale yakazaa jibu fupi hivyo. Mimi nilikuwa nishaanza kuangalia video.

Wakuu, hizo video ni hatari. Kuna kitu kinaitwa front loader, lile beleshi kubwa linalofungwa mbele ya trekta. Nikajiona nimekaa juu, napakia mchanga, nahamisha samadi, majirani wamesimama kwa ua. Mchanga sina. Samadi yangu ni ya ng'ombe wawili na mmoja wao ni mzee.

Nikaenda yard ya kuuzia trekta. Nikakutana na salesman, tai shingoni na gumboots miguuni.

"Boss," akaniambia, "needs za kesho si needs za leo. Kesho ukitaka kuchimba dam? Kesho ukitaka kujenga?"

Kila kesho aliyotaja ilikuwa na attachment yake, kifaa cha kufungwa kwa trekta, tayari pale nyuma ya ofisi. Hakuniuliza udongo ukoje wala shamba lina nini ndani. Mimi nikatingisha kichwa kama naelewa.

Nikatoka na trekta, loader na rotavator, ile ya visu vinavyozunguka kusaga udongo. Plau nilikataa. Nilimwambia hiyo ni ya wazee, rotavator inamaliza kazi yote. Nilitoa wapi hayo? Video.

Tulishusha mzigo Kabuchai Alhamisi asubuhi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Elgon siku kadhaa, kila mtu anaangalia huko. Mzee Wekesa alikuja na kiti chake cha plastiki, akakiweka kwa mpaka, akaiangalia trekta kuanzia pua mpaka mkia.

"Hii ndio trekta ama ni mtoto ya trekta?" akauliza. "Itarima ama itacheza?"

Nikamwonyesha loader ikipanda na kushuka. Akapiga makofi. Sikupenda yale makofi.

Sehemu iliyokuwa imelala ilikuwa na mashina ya zamani ya miwa. Rotavator ikagusa, ikaruka. Ikagusa tena, ikaruka. Majani makavu yakajisokota kwa visu mpaka ikawa nashuka kila dakika kuyatoa kwa panga. Ardhi ilikuwa imekwaruzwa tu, kama kuku wamepita.

Nikasema wacha nijaribu kule chini karibu na mto, udongo ni laini. Ulikuwa laini kweli. Uzito wa ile loader ukavuta magurudumu ya mbele yakaingia kwa matope, ya nyuma yakabaki yanazunguka bure.

Nasimiyu alikuwa ameenda sokoni Chwele. Nikabaki mimi, matope, na Mzee Wekesa kwa kiti chake akiongea na simu kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

"Kuja Saturday uone shamba. Eeh. Trekta imezama."

Wakuu, hapo mchezo uliniisha. Nilikuwa nimechukua pesa ya mjane nikamnunulia video yangu, na shamba lake lilikuwa linaondoka nikiwa nimelikalia. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Ndipo nikaona leso ya mama mkwe nyuma ya nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe.

Nikageuza uso haraka, kwa heshima. Naye akageuka akanipa mgongo, kwa heshima. Tukakaa hivyo kidogo, kila mtu anaangalia upande wake. Kisha sauti ikatoka.

"Wewe trekta."

Nikageuka nusu, nikajizuia.

"Wewe trekta, nani alikuwekea hiyo kitu ya mbere? Si unaona imekuvuta kichwa kwa matope?"

Nikaangalia usukani. Trekta haikujibu. Ikabidi nisaidie.

"Trekta, mwambie mama ni mimi nilichagua."

"Trekta, mwambie najua ni yeye. Mimi niliambia Nasimiyu nataka nguvu ikuwe nyuma. Ishike plau leo, kesho ishike ingine. Kwani hakuambiwa?"

"Trekta, mwambie niliambiwa chochote ni sawa."

Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kusikia tangu nioe, mama mkwe akicheka. "Huyu msichana, bana," akasema, na hilo halikuwa la trekta.

Tukaanza kazi. Yeye anakusanya majani makavu ya miwa, anayarusha juu ya nepia bila kuonekana. Mimi nayapanga chini ya magurudumu. Akaiambia trekta iniambie nitoe ule mkono wa mbele niuache hapo hapo. Nikaushusha, nikachomoa pini na mipira ya mafuta, nikarudi kwa kiti. Magurudumu yakashika, trekta ikatoka kinyumenyume.

Mzee Wekesa akageuza kiti chake kidogo.

Kabla sijashuka, nikauliza swali ambalo mimi, salesman na Nasimiyu wote hatukuwa tumeuliza.

"Trekta, muulize mama, kesho anataka kufanya nini na hii shamba?"

"Sijui!" akajibu kwa nguvu. "Mwaka hii ni mahindi. Miwa nitang'oa pole pole. Nikipata ng'ombe ya maziwa nitataka kukata nepia. Magoti ikikataa, pengine nipande miti nikae. Sasa hiyo yote mtu anaweza nunua leo? Nunua mgongo yenye inaweza kubeba yote. Hizo zingine zitakuja zikifika."

Huyo ndiye alikuwa anapandisha sauti kwa simu siku ile, wakuu. Haya yote yaliingia jikoni kwangu yakatoka yakiwa "chochote ni sawa".

Sasa bahati yangu. Kati ya yote niliyonunua kwa upumbavu, kitu kimoja kilikuwa sawa bila mimi kujua: sehemu ya nyuma ya trekta, hitch, ilikuwa ile ya kawaida inayoshika kifaa cha mtu yeyote. Binamu ya Nasimiyu kule Matulo alikuwa na plau ya diski mbili imelala chini ya mparachichi tangu trekta yake ife. Tukaibeba kwa pickup jioni hiyo hiyo, ikaingia kwa pini zake bila ugomvi.

Ijumaa nililima tangu alfajiri. Polepole, maana trekta ni ndogo na mashina yale ni mabishi. Mama alikuwa upande wa pili wa shamba muda wote, akiondoa mashina niliyopindua. Nikifika mwisho wa mstari anasogea, nikigeuka anarudi. Mvua ilianza kudondoka nikiwa na mistari michache imebaki, nikaimaliza nimelowa.

Jumamosi mtu wa miwa akaja na viatu visafi. Akakuta upande wote wa mahindi ni udongo mweusi, na mama anapanda mahindi. Akauliza shamba lililolala liko wapi. Mzee Wekesa akasema ngoja kwanza, akaja kwangu akaniuliza kwa upole kama trekta inaweza kupita kwake wiki hiyo.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba. "Trekta," akasema, "mwambie huyo mzee atakuwa wa mwisho kwa line. Na akuje na kiti yake."

Kuna mkuu ameniuliza inbox anunue gani. Kaka, mimi si mtaalamu, nina makovu tu. Lakini anza na nguvu ya nyuma na hitch ya kawaida, na injini yenye hp, yaani nguvu, za ziada kidogo. Hakikisha spare zinapatikana karibu na kwako. Attachment nunua ile ya msimu huu, hizo zingine azima au kodi kwanza, ujue kama unazihitaji kweli. Na ongea na mwenye shamba mwenyewe, hata kama ni kupitia bonnet.

Mahindi yalipofika magotini, nikaona aibu imezidi. Nikanunua blanketi, ile nzito ya maua, nikaipeleka Kabuchai nimevaa koti. Mama akaiona kutoka mlangoni. Hakuniangalia. Aliangalia trekta iliyokuwa imeegeshwa kwa uwanja.

"Trekta, mwambie blanketi niko nazo za kutosha. Kama anataka kufungua mkono, alete ile mashine ya kukata nepia."

Nilirudi na blanketi yangu Kitale. Mwezi uliofuata nikaleta chaff cutter inayozungushwa na trekta, na ng'ombe wake wa kwanza alikuwa ameshafika. Familia ikakusanyika, wakaomba, wakaimba. Mama akapangusa mkono kwa leso, akanipa. Ni mkono mgumu, wakuu, na ulinishika vizuri.

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Nikajiandaa kwa baraka.

"Sasa niambie," akasema, "hiyo kitu ya mbere, ulinunua ya nini?"

Nikageuka kutafuta trekta. Nasimiyu alikuwa ameiwasha anakata nepia, haikuweza kunisaidia.

Basi ndiyo hiyo. Wenye mama wakwe wa heshima, nyinyi huwa mnaongea kupitia nini? Na wenye trekta ndogo, mlianza na attachment gani na gani imebaki inashika kutu? Mwageni hapa chini, hata matusi nitayapokea.

Loader iko Kabuchai, haijawahi kurudi kwa trekta. Anayeitaka aseme, tutaelewana. Ila itabidi angoje kidogo, maana kuku wa mama anaatamia ndani yake na amekataa mtu yeyote kuisogeza.