Mgonjwa Mwenzangu Ananiomba Nisimseme

Mhariri wa ukurasa huu, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto wawili, nauza chakula Kalangalala hapa Geita. Niliwahi kuwa kichaa. Nalitaja neno hilo mwenyewe ili msihangaike kulitafuta. Ilinianza nilipojifungua mtoto wa pili. Nikawa nasikia watu wananisema ukutani, nikamkataa mtoto wangu nikilia kwamba si wangu. Kaka yangu mkubwa alinifunga kamba, akanipakia kwenye lori la pamba mpaka hospitali, nami nikimtukana njia nzima. Siku hizi nachomwa sindano kila mwezi na nimetulia.

Mwaka jana, mvua za El Nino zilipopungua, daktari mmoja mwanamke alikuja kliniki kwetu na wenzake. Walikuwa wanafanya utafiti kuhusu maisha ya wagonjwa wa akili huku machimboni. Nikadhani watatuuliza maswali, tujibu, waondoke zao. Kumbe alitaka baadhi yetu tuliopata nafuu tuwe washirika, tukae naye mezani, tupange maswali pamoja, halafu twende wenyewe kwa wagonjwa wenzetu, maana kwetu watafunguka. Jamani, niliona fahari. Tangu niugue hakuna aliyekuwa ameniuliza naonaje, hata kuhusu chumvi ya mboga. Tulipopanga masharti, mimi ndiye niliyeshikilia kwamba mgonjwa asisemwe popote bila ridhaa yake. Nilisema tumechoka kuamuliwa. Wote wakakubali.

Mwezi huu nilikwenda kwenye machimbo fulani, siyataji, kumwona mama niliyeambiwa anaumwa. Nitamwita Mama Kabula, ingawa si jina lake. Mume wake ana duara, shimo lake mwenyewe la dhahabu, nalo linatoa vizuri. Alinikaribisha, akaniagizia soda. Mkewe nilimkuta uani, kwenye jiko la zamani, amefungwa mnyororo mguuni kwenye nguzo. Chuma kimeingia kwenye nyama na mguu unanuka.

Siku hiyo alikuwa na akili zake timamu. Tukaongea Kisukuma, nikamwahidi kwanza kwamba sitamsema, kama tulivyokubaliana kwenye utafiti. Nikamwambia hata mimi nilifungwa, akacheka kidogo. Ndipo akanieleza kwamba mumewe alichukua ndagu kwa mganga, ile dawa ya utajiri, ili duara litoe dhahabu, na sharti lake ni mtu mmoja wa nyumba hiyo achanganyikiwe. Akipona, dhahabu inahama. Huku machimboni wengi wanaamini hivyo na mimi siwacheki. Kilichonimaliza ni kwamba mama huyu anaamini kuliko hata mumewe. Nikamwambia kuna daktari, kuna sindano, kuna gari la kuja kumchukua. Akanishika mkono.

"Mayu, mama yangu, usinipeleke," akasema. "Watoto wangu wanne wanasoma kwa duara hilo. Mimi nimeshaharibika, wao bado. Na umeniahidi hutanisema."

Nilirudi kwa daktari. Sikutaja jina wala machimbo, nikamuuliza tu tufanyeje kama mgonjwa mguu wake unaoza na hataki kusaidiwa. Akaniambia kwamba angekuwa peke yake angepeleka gari siku hiyo hiyo, pamoja na polisi, lakini sharti tuliliweka pamoja na hawezi kulivunja bila mimi.

"Wewe unaujua ugonjwa huu kwa ndani," akasema. "Amua, nami nitakufuata."

Nilitamani aninyang'anye hilo jambo mikononi. Miaka yote nimelilia kuulizwa, sasa nimeulizwa, na silali.

Nikimtaja, wagonjwa wataambiana kwamba sisi ni wapelelezi, na hakuna atakayetufungulia mdomo tena. Mumewe akikamatwa, duara litasimama, watoto watafukuzwa shule, naye ataona mganga alisema kweli. Nikinyamaza, sidhani kama mama huyu ataiona masika. Nafikiri sana habari za kaka yangu. Nilimtemea mate siku ile, leo namwamkia nikipiga magoti kwa sababu hakunisikiliza. Lakini mimi siku ile sikuwa na akili. Mama Kabula alikuwa nazo, na aliniangalia machoni akisema yale.

Wenye elimu mtanijibu, najua, na nitawasoma kwa heshima. Ila nawaomba zaidi ninyi mliowahi kufungwa, mnaosoma gazeti hili na hamjawahi kumwambia mtu. Kama ningekuja uani kwako nikakukuta hivyo, na ukaniomba hivyo, ungetaka nikutii? Nishaurini, na msichelewe, mguu ule hautusubiri.