Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Fisi

Katika nyumba moja ya mtaa wa Bellevue, iliyokatwa vyumba mpaka sebule ikawa makazi ya familia mbili, aliishi mwalimu Ruphin na mkewe Marcelline na binti yao Sagesse. Mchana Ruphin alilinda mlango wa duka huko Yeoville, amevaa sare iliyompwaya mabegani, lakini kazi yake hasa ilikuwa vitabu vya watoto. Aliviandika kwa penseli nyuma ya karatasi za zamu, akavitoa fotokopi Jumamosi. Sagesse alipaka rangi picha. Marcelline, msusi, alivishona kwa uzi mweusi ule ule wa kusukia nywele. Jumapili viligawiwa kanisani, vikasomwa mpaka vikalegea.

Ruphin alitoka Bukavu mwaka 2012, na kilichomtoa ni fisi. Aliandika kijitabu cha fisi aliyefunga kamba darajani, kila mnyama aache kitu ndipo avuke: kuku aache yai, mbuzi aache maziwa, sungura, asiye na kitu, aache sikio. Watoto walicheka. Kisha wakaanza kumwita kwa jina la fisi huyo kamanda mmoja aliyeweka vizuizi barabarani, naye hakucheka. Jumanne duka lililouza kitabu liliungua. Ijumaa Ruphin alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Marcelline alimfuata huku kusini mwaka uliofuata, amemshika mtoto mkono.

Miaka ikapita, akaandika habari za nyuki na za chungu, wala hakumgusa tena fisi. Lakini mwaka 2017 wazazi wa kanisani walimwomba amrudishe. Watoto wao walikuwa wakisemeshwa Kiswahili nao wakijibu Kizulu, na kila mzazi alikumbuka jinsi fisi yule alivyochekesha. Ruphin akatoa nakala arobaini, na safari hii akarudisha ukurasa wa mwisho, ambao kule Bukavu mchapaji aliuacha ili kubana karatasi.

Kwao hadithi haitolewi bila mwenyewe. Msimulizi humtaja kwanza aliyempa, mwana wa nani, wa kilima gani. Asiyetaja huitwa mwizi, na mwizi wa hadithi humzidi mwizi wa mbuzi, maana mbuzi aweza kurudishwa. Basi Ruphin aliandika, tena kwa mwandiko wa kujivunia, kwamba hadithi hii alipewa na mama yake mdogo Nabintu, mjane, auzaye ndizi kando ya daraja lenyewe. Na kweli ni yeye aliyekaa pale na ndizi zake, akaona yaliyochukuliwa kwa wavukaji, akayafanya ngano.

Mwezi haukwisha. Bwana mmoja mgeni, aliyejiita Papa Théodore, shati limepigwa pasi mpaka kola, aliomba kitabu baada ya ibada. Alipopewa alikigeuza, akafungua nyuma, akapitisha kidole juu ya mistari polepole.

"Watu huanzia mbele, papa," Marcelline akamwambia. "Mbele ndiko kuna picha."

"Mimi nasomaga kutoka nyuma, mama, kama gazeti la mpira." Akamgeukia Ruphin. "Huyu Mama Nabintu, angali mzima?"

Ruphin, kwa furaha ya mtu anayeulizwa habari za kwao, akasema angali mzima, na angali pale pale.

Njiani kurudi walisimama kwenye roboti, taa zikiwa nyekundu. Hapo Marcelline akasema kwamba yule mtu hana mtoto. Walimpigia rafiki yao Arlène wa mtaa wa Rosettenville, aliyewajua watu wote wa Bukavu, naye akawaambia kwa sauti ndogo kwamba Théodore alikuwa dereva wa kamanda, na kwamba jina la fisi lilimganda kamanda kama kupe. Tangu zamani anatafuta kinywa kilichomwita hivyo mara ya kwanza.

Ruphin alimpigia mama yake mdogo. Nabintu hakuwa na simu. Aliitwa kuja dukani kwa jirani, mahali ambapo hata askari huchaji simu zao, kwa hiyo neno la wazi halikusemeka. Alimsihi ahame kwa muda. Mama akauliza migomba amwachie nani, akakata.

Ndipo Ruphin akachukua penseli akauandika upya ukurasa ule. Marcelline aliusoma mara mbili.

"Na Sagesse je?"

"Mtakwenda kwa Arlène."

Marcelline akachukua sindano. Alishona nakala mpya, akiuvuta uzi mpaka ukamkata kidole, kisha akafunga nguo za mtoto.

Jumapili Ruphin alimfuata Papa Théodore hadi kwenye benchi lake la nyuma, akampa kitabu, akamwambia kile cha kwanza kilikosewa. Mgeni akafungua mwisho. Iliandikwa kwamba hadithi imetungwa na Ruphin peke yake, kwamba Nabintu ni jina la kubuni, na kwamba mtunzi anaishi Bellevue, barabara fulani, nyumba namba fulani.

"Kumbe ni wewe mwenyewe, mwalimu."

"Ni mimi. Tangu Bukavu."

"Na hii namba ni ya kweli?"

"Ya kweli. Ila pitieni mlango wa nyuma, wa mbele kitasa kimeharibika."

Papa Théodore akacheka sana, akamshika bega, akamwambia kitabu hiki ni kizuri kuliko cha kwanza. Jumapili iliyofuata benchi lake lilikuwa tupu.

Wiki ya tatu gari la kijivu likaanza kusimama ng'ambo ya nyumba, asubuhi na alasiri, watu wawili ndani, vioo vimepandishwa. Siku ya nne yake simu iliita kutoka dukani kwa jirani wa Nabintu. Mama alikuwa akihema kwa hasira. Vijana wawili wa kamanda walifika na kitabu, wakamsomea ukurasa wa mwisho, wakamwomba radhi kwa usumbufu, hata ndizi wakanunua.

"Umeandika umetunga peke yako," akasema. "Mimi mzima, mwana wa dada yangu, unanifanya jina la kubuni mbele ya wageni. Umeniibia."

Ruphin alisogeza pazia. Mlango mmoja wa gari ulikuwa wazi.

"Ndiyo, mama mdogo. Nimeiba."

"Basi usinipigie tena kuomba nyingine."

"Sitapiga," akasema Ruphin.