Madaftari ya Wanafunzi Wangu Niliyaandika Mimi

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Ukunda ni ndogo na wazazi wa shule yetu wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mume na mtoto mmoja, na ni mwalimu wa chekechea katika shule ndogo ya binafsi huku upande wa Bongwe. Wanafunzi wangu ni wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, watoto wa miaka minne. Naandika haya nikiwa na aibu. Mkitaka kunitukana nitukaneni, ila mkimaliza mnisaidie.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa mtoto wa umri huo hujifunza kwa kucheza. Niliamini, na bado naamini. Nilipoanza kazi darasa langu lilikuwa na beseni la mchanga, vifuu vya nazi vya kupimia maji, kokoto za kuhesabia, na nyimbo tulizoimba mpaka sauti zikatukauka. Vidole vya mtoto wa miaka minne bado laini, vinataka kufinyanga udongo kwanza, penseli itakuja baadaye. Lakini wazazi walichokiona ni mtoto kurudi nyumbani na mchanga kichwani na daftari jeupe. Wakikutana Kona ya Musa wanalinganisha: wa shule ile ameandika moja mpaka hamsini, wa kwetu amechora duara. Muhula mmoja tu, watoto watatu wakahamishwa.

Mwenye shule, mtu wa bara na wala si mtu mbaya, akaniita ofisini. "Madam, mimi sina shida na hiyo michezo," akasema. "Lakini mzazi haoni mchezo, anaona kitabu. Mimi nataka hivyo vitabu vijae."

Ningeweza kumkatalia. Ningeweza kuwaita wazazi wakae darasani asubuhi moja, wawaone watoto wao wakihesabu kokoto. Sikufanya lolote kati ya hayo. Wala sikuwalazimisha watoto kuandika, na hapo ndipo nilipojiona mwema. Nilitafuta njia ya mkato. Kila siku baada ya uji, watoto wakishalala mkekani, nilichukua madaftari yao nikayaandika mwenyewe. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili herufi zipinde zifanane na za mtoto. Nikatia na makosa mawili matatu, kisha nikashika kalamu nyekundu kwa mkono wa kulia nikajisahihisha, nikajipa na "Hongera". Nikawa najiambia nawalinda: watoto wanacheza, wazazi wanafurahi, kila mtu na lake. Na kweli wazazi walifurahi sana.

Sasa kuna binti mmoja, nimwite Mwanasha. Analelewa na bibi yake kwa sababu mama yake anafanya kazi hotelini Diani na huja siku za mapumziko tu. Mtoto huyu ana maneno. Akiokota mdudu atakueleza mpaka ukoo wake. Penseli bado anaishika kwa ngumi. Lakini kwa vile nampenda, daftari lake nililiandika vizuri kuliko yote. Mwenye shule akaliona, akasema huyu anapoteza wakati, mwakani aruke PP2, mwaka wa pili wa chekechea, aingie gredi ya kwanza moja kwa moja, wazazi wengine wapate kuona shule yetu inavyofanya kazi. Gredi ya kwanza kwetu ni kukaa dawatini tangu asubuhi mpaka mchana mkinakili ubaoni, na mwalimu wao hana subira na anayechelewa.

Juzi bibi yake akaja shuleni kunishukuru, amevaa leso mpya. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mola akulipe, mwalimu. Mimi kalamu sikuwahi kuishika, leo mjukuu wangu anaruka madarasa." Akalifungua daftari, akamgeukia mtoto. "Hebu nionyeshe ulivyoandika hapa."

Mwanasha akasema, "Mimi sikuandika. Anaandika mwalimu, sisi tukilala."

Kumbe siku zote hizo alikuwa macho. Bibi akakasirika, akamshika sikio. "Uongo huo umeutoa wapi wewe? Mwalimu ana kichaa hata akuandikie daftari? Mwombe msamaha sasa hivi."

Mtoto hakulia. Alinitazama, akasubiri niseme. Nami mdomo ninao, tena mdomo wa kuongoza nyimbo darasa zima, lakini nilimwona mwenye shule amesimama mlangoni, nikanyamaza.

"Nisamehe mwalimu," akasema.

Na mimi, jamani, nikamjibu, "Nimekusamehe."

Tangu siku ile haniletei tena habari za wadudu. Wakati wa kulala ukifika anakuwa wa kwanza mkekani, na anafumba macho kwa nguvu mpaka uso unakunjamana, ili nione kuwa amelala. Mimi najifanya sioni. Madaftari sijayagusa tangu siku hiyo.

Fomu ya kumrusha darasa iko mezani kwangu, Ijumaa natakiwa niwe nimetia sahihi. Nikisema ukweli kazi sina, na kila mzazi atalifungua daftari la mwanawe kisha anitafute. Nikitia sahihi, mtoto wa miaka mitano ataingia gredi ya kwanza hajui kuandika jina lake, ataitwa mvivu, na bibi yake atayaamini hayo kwa sababu ushahidi wa akili za mjukuu wake, lile daftari, anao nyumbani. Mume wangu anasema nisaini ninyamaze, mtoto atazoea. Natamani niweze kumwamini.

Wazazi na walimu wenzangu, nielekezeni. Nianzie kwa nani: kwa mwenye shule, kwa bibi, au kwa huyo mtoto niliyemsamehe kosa nililolifanya mimi?