Ukifika Baharini, Kaa Chini

Mtu wa Dongobesh akipata safari ya pwani, siku hizi hupita kwanza kwenye cherehani yangu. Anataka gauni la kitambaa chepesi, na mimi nikimpima kiuno nampa na ushauri bila kuombwa. Sweta vaa asubuhi ya kuondoka tu. Ukishafika Babati litakuwa mzigo. Beba kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kufutia jasho. Viatu viwe vya wazi lakini soli iwe ngumu, maana kwenye maji mafupi kuna mdudu wa miiba, akikuchoma utawaita mababu wote wa Mbulu. Dafu kunywa, ila lisikukute na tumbo tupu. Chini ya mnazi usikae, hata ukiona wenyeji wamekaa. Wao wanajua ni upi wenye nazi za kuanguka. Mwisho namwambia jambo ambalo wengi hulicheka: ukifika baharini ukakuta hakuna maji, usiondoke. Kaa chini.

Hilo sikulisoma popote. Nilifundishwa na mpangaji wetu, na sijamsamehe.

Alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa pwani, aliyepangiwa kazi sekondari ya huku. Alifika mwezi wa sita na mashati ya mikono mifupi. Baridi yetu ilimshika mpaka midomo ikapasuka, na mama yangu akamtolea blanketi lake mwenyewe. Kila asubuhi alimpelekea maziwa ya moto chumbani, na mwalimu hakuwahi kuyapokea bila shikamoo. Nayataja maziwa hayo makusudi. Shukrani ya punda ni mateke, na nataka ujue punda huyu alilishwa na nani.

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alituambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka taratibu. Nikamuuliza mama anataka kuona nini kabla hakujawa giza. Nilidhani atasema wajukuu walioko Singida. Akasema bahari. Tangu mafundisho ya kipaimara alikuwa akisikia habari za maji yasiyo na ng'ambo, na hakuamini kwamba maji yanaweza kukosa ng'ambo. Alitaka ahakikishe.

Nani angetupa ushauri wa safari kama si mpangaji? Alitueleza vizuri, tena kwa upole. Tulale Korogwe kwa ndugu zetu, tusilale mjini kwao kwa sababu gesti zina kunguni. Tuondoke alfajiri siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Saa nne asubuhi tuwe ufukweni, saa sita tupande gari la kurudi. Binamu yake angetupokea. Nikamshukuru na kumshonea suruali bure.

Tulifika saa nne kama tulivyoagizwa. Mbele yetu palikuwa na tope la kijivu mpaka jicho linachoka. Ngalawa zimelala ubavu, kaa wanakimbia, majani yananuka. Maji hayakuwepo. Mbali sana niliona mstari unaong'aa, lakini macho ya mama yalikuwa hayafiki huko. Akashika mkono wangu.

"Limekauka," akasema. "Kama Balangida."

Sisi tumekua na maziwa ya namna hiyo. Balangida ya Hanang hujaa mvua zikinyesha, na kiangazi hubaki uwanja mweupe wa chumvi. Mama alipokuwa msichana alienda huko na baba yake kulambisha ng'ombe. Kwa hiyo mimi pia niliamini. Nikamuuliza binamu, na yule kijana, simu yake mkononi, akajibu bila kupepesa: "Ndiyo dada, mwaka huu imekauka."

Mama akamgeukia. "Poleni sana, mwanangu," akamwambia. "Na sisi huko kwetu la kwetu hukauka. Mungu atawaletea." Halafu akainama, akakwangua tope kwa vidole, akalitia kwenye mfuko wa plastiki ili awapelekee ng'ombe chumvi. Saa sita tulikuwa ndani ya gari. Njia nzima mama alikuwa amepakata ule mfuko.

Tulivyorudi, kila jioni kabla ya kula, mama aliwaombea watu wa pwani ambao bahari yao imekauka. Mimi nilisema amina.

Kama mwezi hivi baadaye, mwalimu mmoja wa kike alikuja kupunguza sketi. Alikuwa na simu anacheka mwenyewe. Akasema kuna video inazunguka ofisi ya walimu muda mrefu sasa, mpangaji wako ni kichaa, hebu ona. Nikamwona mama yangu ameinama kwenye tope. Nikasikia ile "poleni sana," na vicheko nyuma ya kamera. Yule mwalimu hakujua ni mama yangu. Nikamuuliza, nikijikaza, kwa nini wanacheka. Akanieleza kwamba bahari hupwa na kujaa kila siku, kwamba maji yalikuwa yanarudi jioni ile ile, na kwamba mwalimu wa jiografia alipiga hesabu ya mwezi mwenyewe ili yawe mbali kabisa.

Nilimaliza ile sketi. Mama sikumwambia. Alikuwa na amani yake, aliamini amekwenda mwaka wa ukame kama anavyoweza kwenda mtu yeyote, na macho yalikuwa yamebakiza kivuli tu. Mpangaji naye sikumwambia. Nilimwamkia kila asubuhi, na maziwa nikampelekea mimi, kwa sababu mama hakuweza tena kuvuka ua. Dawa ya moto ni moto, lakini lazima usubiri mwenzako naye awe na kuni.

Kuni zilikuja kiangazi cha mwaka uliofuata. Mama yake alikuja kumtembelea. Mpangaji akaja kwangu, mikono nyuma, akaniuliza kwa adabu: "Dada, mama anatamani kuona lile ziwa la Hanang lenye ndege wa rangi ya waridi. Twende lini?" Picha aliiona kwenye kitabu anachofundishia. Kitabu hakikumwambia kwamba picha ilipigwa masika.

"Nendeni sasa hivi," nikasema. "Ndege wamejaa. Nitawasindikiza."

Yule mama alikuwa mzee mfupi, mwenye baibui jeusi na sauti tamu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniulizia nyumba nzima mmoja mmoja. Garini alinishika goti kila tulipopita kwenye shimo. Niliukataza moyo wangu kumpenda, na moyo ukanitii.

Tulipofika, Balangida ilikuwa nyeupe kabisa. Vumbi la chumvi lilikuwa linapanda na upepo, mlima Hanang umesimama nyuma yake. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Mpangaji alisimama mdomo wazi. Kisha akanitazama, nami nikamtazama, na nikaona ameelewa kila kitu. Nilikuwa nimelingoja lile jicho mwaka mzima, na sitadanganya, lilikuwa tamu.

Lakini mama yake hakusononeka. Alitazama ule uwanja mweupe kama mtu ambaye amezaliwa ufukweni, akatikisa kichwa kwa utulivu. "Ah, maji yamekupwa," akasema. "Basi tungoje." Akatandika kanga, akakaa.

"Mwambie mama, mwalimu," nikasema taratibu. "Si wewe ndiye wa jiografia?"

Hakuweza. Angemwambia, angelazimika kumweleza kwa nini nimewaleta. Mama yake akaniuliza mimi: "Yanarudi saa ngapi, mwanangu?"

"Jioni, mama," nikajibu bila kupepesa.

Simu yangu ilikuwa inamrekodi tangu tuliposhuka garini. Alingoja jua lote lile. Alifungua kikopo cha halua, akanimegea kubwa kuliko ya mwanawe, nami nikala. Jua lilipogusa ukingo mpangaji alimwinua kwa kumbembeleza, akimwambia gari haliwezi kusubiri. Njia nzima yule mama aligeuka nyuma kutazama kama yameanza kuja. Mwanawe alikuwa analia kimya kimya, na nilimwacha alie.

Nilifika nyumbani nikiwa mwepesi. Mama alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, macho yameshafunga kabisa. Video asingeiona, kwa hiyo nilimwekea sikioni asikie sauti. Nilitaka naye aonje. Ikasikika ile sauti tamu: "Basi tungoje."

"Anangoja nini huyo mama?" akauliza.

"Maji," nikasema, huku nacheka. "Anadhani Balangida ni bahari. Anadhani yatarudi jioni."

Mama alinyoosha mkono akaigusa simu, kama mtu anayetaka kushika uso wa anayesema.

"Kwani ya baharini hurudi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ningeweza kusema hapana, na pengine angeniamini, kwa sababu kuniamini ndiyo tabia yake. Lakini aliniwahi.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ningekaa tu."

Mpangaji alihama mwezi huo huo, na ninavyosikia amehamia shule ya huko kwao. Bado namchukia. Mama hawaombei tena watu wa pwani. Jioni ile, kabla sijazima simu, sauti ya yule mzee iliuliza tena yanarudi saa ngapi, na sauti yangu ikamjibu, jioni, mama.