Sefu ya Mbegu za Tumbaku

Jumatatu, mwanzoni mwa Septemba, mwaka wa pili tangu watu wahamie vijiji vya ujamaa. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Moshi wa mapori yaliyokuwa yanachomwa ulilifanya jua kuwa jekundu mapema. Joto. Mvua hakuna, wala hatukuitarajia.

Nilikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika hapa Tabora mjini. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo pengine mpangilio wangu wa maneno si mzuri, lakini nitajitahidi mambo yafuatane kama yalivyotokea.

Kaka wa mke wangu alikuwa amefika kwangu kwa baiskeli tangu Ijumaa, kuchukua mbegu za tumbaku za kijiji chake. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama unga. Tulizihifadhi kwenye makopo ndani ya sefu ya chuma iliyoachwa na wakoloni, kwa sababu hapo ndipo pekee panya walipopashindwa. Sefu ile haikuwa na ufunguo. Mlangoni palikuwa na gurudumu la namba: unazungusha kulia, kushoto, kulia tena, na ukikosea namba moja tu mlango unabaki vilevile. Aliyezijua namba hizo ni karani mkuu peke yake, naye alikuwa amestaafu mwezi uliopita akaondoka nazo kichwani.

Kule kijijini matuta ya kitalu yalikuwa yameshachomewa kuni kuua wadudu, na wanawake walikuwa wanamwagilia udongo usio na kitu. Mbegu zisingemwagwa wiki ile, miche isingewahi mvua, na kijiji kingekaa mwaka mzima bila tumbaku. Shemeji ndiye aliyewashawishi wenzake kwenye mkutano wapunguze karanga walime tumbaku.

"Nikirudi mikono mitupu," aliniambia, "bora nisirudi."

Alisema hivyo huku anakula, lakini alimaanisha. Mke wangu aliacha kumwongezea mboga akamtazama.

Karani mkuu alikuwa Mzaramo, aliyekuja Tabora kijana akaoa na kujenga mtaa wa Ng'ambo. Siku yake ya kustaafu aliahidiwa chai ya kuagwa. Mwezi huo sukari haikuwepo madukani, kwa hiyo chai ikaahirishwa, ila hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alikaa mezani kwake mpaka ofisi ikafungwa, akachukua mwavuli akaenda zake. Sina hakika nani alaumiwe. Sukari kweli haikuwepo.

Meneja wetu alikuwa mgeni, mtu wa Bukoba, na hakuwa mtu mbaya. Alikwenda Ng'ambo akamwamkia mzee kwa heshima zote. Mzee akamjibu, "Mwanangu, mimi nimestaafu. Hata mkono wangu umestaafu." Meneja akapeleka barua yenye mhuri. Mzee akaifunikia mtungi wa maji. Ikatajwa polisi, lakini polisi nao waliuliza kosa la mzee ni lipi, na hakuna aliyeweza kulieleza vizuri.

Nikatumwa mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Basi karibu chai. Sukari hakuna, nimetia chumvi."

Niliinywa. Kweli alikuwa ametia chumvi.

Jumatatu hiyo ndipo meneja alipomwita fundi wa kuchomelea, naye akaja na mtungi wa gesi kwenye mkokoteni. Akaizunguka sefu, akaigonga.

"Naikata. Mchana huu huu."

"Na mbegu zilizomo?" shemeji akauliza.

"Zitapata joto kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Kama karanga kwenye kikaango."

Meneja akamshukuru, akamrudisha na mkokoteni wake. Tukatoka barazani. Shemeji akauliza, "Huyo mzee ni kabila gani?"

"Mzaramo."

"Mzaramo! Na wewe Mnyamwezi mzima unakwenda kumpa shikamoo?"

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu mpaka pwani. Mtani haombwi kwa adabu. Unamtukana, unachukua kitu chake, na akikasirika aibu ni yake. Nilijua yote hayo, lakini mzee alikuwa mkubwa wangu wa kazi miaka mingi na utani wetu ulikuwa umekauka. Nadhani kosa letu lilikuwa ile adabu, ingawa siwezi kuapa.

Tulipofika Ng'ambo shemeji hakupiga hodi. Alikaa uani kwenye vumbi, akaweka mikono kichwani, akaangua kilio.

"Uwiii! Mzaramo kafa! Kafa na namba zake tumboni!"

Majirani wakatoka. Mama mmoja alikuwa ameshajifunika khanga kichwani kabla hajauliza ni nani. Mzee naye akatokea mlangoni na msuli wake, mswaki mdomoni.

"Kafa nani?"

"Wewe. Mtu aliyestaafu mpaka mkono, huyo ni maiti. Nyamaza tukulilie."

"Mnyamwezi wewe, unanuka moshi."

"Na wewe unanuka nazi iliyochacha! Babu yangu alibeba pembe mpaka kwenu, mkamlipa kaniki iliyooza. Leo nachukua fidia." Akaivuta kanzu ya mzee kwenye kamba, akaivaa. Shemeji ni mrefu, ilimfika magotini.

Mzee alimtazama muda. Mimi niliogopa. Uso wake ulikuwa uleule aliokuwa nao ofisini mtu akichelewa kazini.

"Sasa mimi nitaendaje msikitini?" akasema.

"Maiti haendi. Hupelekwa."

Mzee akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Majirani nao wakacheka, na yule mama akashusha khanga yake, nadhani kwa kuudhika kidogo.

"Tangulia ofisini, mwizi," mzee akasema. "Nitakuvua kanzu yangu huko huko."

Ofisini meneja alisimama kumwamkia, naye akaitikia vizuri. Kisha akatuamuru wote tugeuke ukutani. Tukageuka, na meneja pia. Gurudumu likalia, likanyamaza, likalia. Mlango ukafunguka. Makopo yalikuwa salama.

Meneja akaomba namba. Mzee akasema atazitoa baada ya chai ya kuagwa. Kwa haki niseme meneja hakubishana. Wiki hiyo hiyo alipata sukari kwa mapadri wa Kipalapala, chai ikanywewa, na namba zikatolewa. Kama mzee angefungua hata bila kilio kile, sijui. Nimejiuliza mara nyingi.

Shemeji alifunga makopo kwenye baiskeli, aondoke alfajiri. Mzee hakurudi Ng'ambo. Alitufuata mpaka nyumbani, mtaa wa Chemchem, akaingia jikoni kwangu bila hodi akiwa amevaa kanzu aliyomvua shemeji, akafunua vyungu. Mke wangu alikuwa amemchinjia kaka yake kuku wa safari.

Tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa kwa karanga. Kuku aliliwa na Mzaramo.